Elimu Isifungiwe Daftarini

Mwaka 2015 yalianzishwa mashindano ya kimataifa ya Breakthrough Junior Challenge. Vijana wa miaka 13 hadi 18 walitakiwa kueleza, kwa filamu fupi, jambo gumu la sayansi au hisabati hata asiyesoma sana alielewe. Mshindi wa kwanza, mwanafunzi wa Ohio, Marekani, alieleza nadharia ya Einstein kuhusu mwendo na wakati. Alipewa dola 250,000 za masomo. Mwalimu wake dola 50,000. Shule yake maabara ya dola 100,000. Hivyo ndivyo mwalimu aenziwavyo.

Nawe mzazi, usingoje kamera. Jioni ya leo mwambie mwanao amweleze bibi yake kwa nini maji ya kunywa huchemshwa. Bibi akiridhika, mtoto ameelewa. Akikariri tu, mrudishe kitabuni kwa upole.