Mbio Zina Uwanja Wake

Katika njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapanda Mpwapwa, ikakata nchi ya Ugogo hadi Unyanyembe, kisha ikashuka Ujiji penye ziwa, ilikuwako sheria moja ambayo kila mpagazi aliijua. Mbele ya wote alitangulia kirangozi na bendera yake, wala hapakuwa na ruhusa ya kumpita. Aliyempita alitozwa faini. Na ili asije akakana jioni kambini, alichomolewa mshale mmoja katika podo lake uwe ushahidi. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Kaze, ndiyo Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, aliiandika desturi hiyo katika kitabu chake. Wapagazi wa Kinyamwezi hawakuwa wazito wa miguu. Walichukua mabegani mizigo ya frasila mbili hivi, wakaenda nayo kwa miezi. Lakini walijua ya kwamba mwendo wa mtu mmoja njiani ni jambo la msafara mzima.

Twayakumbusha hayo kwa sababu njia za wapagazi zimekuwa lami. Kutoka Tabora gari laweza kwenda Nzega, Itigi, hata Mpanda, juu ya barabara ambayo wazee wetu wasingeiota. Na pamoja na lami yamekuja mapenzi mapya. Ingia gereji yo yote ya mjini saa za jioni, utawakuta vijana wamezunguka simu moja wakitazama magari ya mbio ya kale ya Kijerumani: Porsche 911, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Frankfurt mwaka 1963, yenye injini nyuma iliyopozwa kwa upepo, Mercedes za pua ndefu, BMW za milango miwili. Wanajua idadi ya silinda na mlio wa kila injini, ingawa wengi wao hawajapata kuligusa gari lenyewe. Kisha mwenye kigari chake cha Kijapani hutoka pale moyo ukimwaka, akaenda kuijaribu barabara.

Juu ya jambo hili twasikia kauli mbili. Ya kwanza ni ya baadhi ya ndugu zetu katika Chama, wasemao ya kwamba mapenzi ya magari ya mbio ni anasa ya matajiri wa Ulaya, hayafai katika nchi ya wakulima na wafanyakazi, na yapigwe marufuku. Ya pili ni ya vijana wenyewe: gari ni langu, petroli nimenunua mimi, barabara ni ya taifa, basi nani wa kunizuia? Kauli zote mbili zina kasoro, nasi twapenda kuzijibu kwa zamu.

Wanaosema ya kwamba magari haya hayamhusu mfanyakazi na waitazame asili yake. Mwezi wa Mei 1933 serikali ya Hitler ilivamia nyumba za vyama vya wafanyakazi wa Ujerumani, ikazinyakua fedha zao. Shirika lililowekwa mahali pa vyama hivyo ndilo lililojenga kiwanda cha Volkswagen, gari la mgongo wa kobe lililobuniwa na Ferdinand Porsche. Wafanyakazi waliambiwa waweke akiba ya Mark 5 kila juma, nao wapatao 336,000 wakaingia katika mpango huo. Vita vikaanza mwaka 1939, kiwanda kikageuzwa cha zana za kivita na kutumikishwa mateka, na katika wale walioweka akiba hakuna hata mmoja aliyekabidhiwa gari. Mwaka 1948 lilipotengenezwa gari la kwanza la mbio lenye jina la Porsche, yaani ile 356, lilitumia vipande vya Volkswagen hiyo hiyo. Gari linaloabudiwa leo kama sanamu ya utajiri lilizaliwa, basi, katika jasho la watu walionyang'anywa haki yao. Mfanyakazi anapolitazama hatazami mali ya ugenini. Atazama kazi ya mikono ya wenzake.

Tena katika nchi zetu wenyewe magari hayo yalifundisha somo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mshindi wa mwaka 1954 hakuwa gari kubwa la bwana mkubwa, bali kobe yule yule wa Volkswagen, na alishinda tena mwaka 1957 na mwaka 1962. Mwaka 1966 na mwaka 1967 Bert Shankland na Chris Rothwell wa Tanzania walishinda kwa Peugeot 404, gari ambalo wengi wetu tulilijua kama teksi. Na hiyo Porsche 911, pamoja na sifa zake zote? Ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, ya pili tena mwaka 1974, na ya pili tena mwaka 1978. Ushindi hasa wa mashindano yale haikuupata. Mwaka 1974 aliyeishinda alikuwa Joginder Singh wa Kenya, fundi makanika aliyekulia gereji, akiwa katika Mitsubishi ndogo. Somo ni dhahiri: katika njia mbovu kasi peke yake haifiki. Hufika kasi iliyotanguliwa na fundi ajuaye kukaza nati.

Sasa twamgeukia kijana. Ndugu yetu, ni kweli barabara ni ya taifa, na kwa sababu hiyo hasa si yako peke yako. Juu yake yupo mama mwenye ndoo kichwani, yupo mwendesha baiskeli aliyefungasha magunia ya mkaa, wapo watoto wa shule, ipo bodaboda yenye abiria wawili, wapo ng'ombe wanaovushwa jioni. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 imeweka kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu, nayo ina hesabu ndani yake. Kwa mwendo huo gari hukata mita 14 hivi kila sekunde. Kwa kilomita 150 hukata mita 42 hivi. Na breki haziongezewi kazi mara tatu, bali mara tisa. Kabla mguu wako haujafika penye breki, mtoto aliyekuwa mbali amekwisha kuwa mbele ya taa zako. Hapo haitakuwa na faida kusema ya kwamba gari lako ni zuri.

Mtu atatujibu ya kwamba Safari nayo ilikimbiwa katika barabara za umma. Ndiyo, katika siku ambazo magari yalikuwa machache. Lakini iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, huko Kenya, vipande vya kushindania mbio vilifungwa, na raia wa kawaida hakuruhusiwa kupita humo na gari lake. Wenye mchezo wao wamekwisha kujifunza. Sisi twangoja nini?

Wajerumani wenyewe walilitambua jambo hili zamani. Katika milima ya Eifel, nchi iliyokuwa maskini, walianza mwaka 1925 kujenga uwanja wa magari uitwao Nürburgring. Haukujengwa kwa ajili ya starehe tu. Ulikuwa mpango wa kuwapatia kazi watu wasiokuwa na kazi, na maelfu yao waliponda mawe na kusawazisha njia mpaka ulipofunguliwa mwaka 1927. Mzunguko wake wa kaskazini una urefu wa kilomita 20.8. Hadi leo, katika siku zilizotengwa, raia mwenye gari lake hulipa kiingilio, akafuata kanuni za mahali pale, akapita. Hata hivyo uwanja si hirizi. Mwaka 1976 bingwa Niki Lauda aliungua vibaya pale pale, na mashindano ya Formula One hayakurudi tena katika mzunguko ule mrefu. Ikiwa mahali palipotengwa pana hatari kiasi hicho, mtu mwenye akili ataiitaje barabara ya Tabora kwenda Nzega kuwa uwanja wa mbio?

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Halmashauri itenge eneo la wazi nje ya mji, mbali na makazi na mashamba ya watu. Hatuombi fedha za Hazina, maana wodi, visima na madawati vina haki ya kutangulia. Wenye magari wajiunge katika chama kilichoandikishwa, walipe ada, wakodi greda, waitengeneze njia ya changarawe kwa mikono ya vibarua wa Tabora wanaolipwa ujira wa haki. Pasiwe na mbio bila kofia ya chuma, bila gari la wagonjwa, bila fundi kukagua breki, tairi na usukani wa kila gari. Uwanja ukiisha kuwako, atakayeonekana akishindana barabarani hatakuwa na udhuru, na askari asimwonee haya hata akiwa mtoto wa mkubwa.

La pili, mapenzi haya yageuzwe kuwa ufundi. Tabora si mgeni wa karakana. Mwaka 1916, Wajerumani walipokuwa wamezingirwa, sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo ilipigwa hapa, katika karakana ya reli. Leo tuna Chuo cha Reli na tuna VETA. Kijana anayejua kwa moyo jinsi injini ya silinda sita inavyopumua amekwisha kujifunza nusu ya somo bila mwalimu. Apewe spana na nafasi ya kujifunza nusu iliyobaki. Magari ya kale hayatembei kwa sifa. Yataka mtu wa kurekebisha kabureta, kuchonga kipuli kisichouzwa tena dukani, na kunyoosha bodi bila kuiharibu. Kazi hiyo ina mshahara, na ina heshima.

Mji huu una historia ya kuutawala moyo uliochemka. Mwezi wa Januari 1958 wajumbe wa TANU walikutana hapa Tabora, wengi wao wakiwa na hasira juu ya uchaguzi wa kura tatu, na haki walikuwa nayo. Wangeweza kuususia. Wakachagua njia iliyohitaji subira, tukaiita Uamuzi wa Busara, nayo ikatufikisha kwenye Uhuru upesi kuliko ile iliyoonekana ya haraka.

Vijana wa Tabora na wapende magari yao, wayasafishe, wayajue hadi parafujo ya mwisho, na siku ya uwanja wakimbizane mpaka vumbi lifike mbinguni. Lakini barabarani kirangozi ni sheria, wala asipitwe na mtu.