Dakika Kumi za Kibondo

Wiki iliyopita rafiki yangu mmoja, ninayemheshimu kwa mengi isipokuwa hili, alinitumia ujumbe kwamba wanataka kuirudia. Safari hii Kasulu, jirani na soko, Jumamosi asubuhi. "Njoo na watu wako," akaandika, "dakika kumi tu, halafu kila mtu na hamsini zake." Nimekuja kugombana na hizo dakika kumi hapa, maana kwenye simu nilishindwa kuyamaliza.

Kwa ambaye hajawahi kukutana na kitu hiki: jiokeshingi ni mchezo wa kutafuta vikasha vilivyofichwa kwa kutumia GPS. Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuivuruga makusudi ishara ya GPS iliyokuwa ikitolewa kwa raia. Siku chache hazikupita, Dave Ulmer akaficha ndoo msituni Oregon, akaweka namba za mahali pale kwenye intaneti na kuwaalika watu wakaitafute. Ndani yake aliweka daftari, anayeipata aandike jina. Mpaka leo daftari ndilo moyo wa mchezo. Wachezaji wanajuana kwa majina ya madaftarini miaka na miaka bila kuonana uso kwa uso, na ndiyo maana wakabuni mikusanyiko, ili siku moja mtu akae na mwenzake aliyekuwa akimsoma tu.

Flashimobu ilitoka kwingine kabisa. Mwaka 2003, Bill Wasik, mhariri wa jarida la Harper's, aliwaita watu kwa barua pepe waende duka la Macy's, Manhattan. Zaidi ya mia wakalizunguka zulia moja, wakamwambia muuzaji kwamba wanaishi wote pamoja na wanatafuta zulia la mapenzi, kisha wakatawanyika. Miaka mitatu baadaye Wasik alijitokeza mwenyewe kwenye jarida lake akaeleza kwamba alikuwa akiwakejeli vijana wa mjini wanaokimbilia popote wenzao walipo. Wachezaji wa jiokeshingi waliipenda hata hivyo, wakaichukua: unafika mahali, mnasimama au mnacheka au mnafungua miavuli, mnasaini daftari, mnaondoka. Mkutano umehesabika kwenye rekodi yako. Kejeli ya mtu imegeuka kuwa pointi za mtu mwingine. Sawa, dunia ndivyo ilivyo.

Mimi niliiona mwaka 2017, Kibondo, na haikuwa hata imesajiliwa popote. Walikuwa wanaigiza tu walichokizoea kwao. Kumbuka wakati huo mji ulikuwaje: kambi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa tena Oktoba 2015 kwa ajili ya Warundi, magari meupe kila kona, vyumba vya kupanga vimepanda bei, na jioni wafanyakazi wa mashirika hawana pa kwenda. Nawaelewa, upweke si mchezo. Basi wakajikusanya watu kumi na wanne, wageni sita, waliobaki madereva na vijana wa mjini, kwenye kiwanja si mbali na stendi. Filimbi ikalia. Wote wakaganda kama sanamu, simu wamezielekeza mbinguni. Dakika kumi. Filimbi tena, wakapanga foleni, mmoja mmoja akasaini daftari lililowekwa juu ya boneti ya gari, wakapiga makofi, wakaondoka na vumbi lao.

Mimi nilibaki kwa sababu bodaboda wangu alikuwa amekwenda kutafuta mafuta. Ndiyo bahati ya mwandishi wa habari, kubaki baada ya watu kuondoka.

Nyuma yao ilikuwa imeanza foleni nyingine.

Wanawake wenye watoto mgongoni, wauza ndizi walioziacha beseni zao chini, wazee. Kwa hesabu yangu walifika kama thelathini. Gari lilikuwa limeshaondoka, daftari limeshaondoka, wao wamesimama wanasubiri lirudi. Mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, hii ni ya NIDA au ya TASAF?" Mwingine akadakia kwamba amesikia ni vyandarua. Mzee aliyekuwa mbele alishatoa mfuko wa nailoni kwenye mfuko wa shati, na ndani yake kadi ya mpiga kura, cheti cha ubatizo na barua ya mtendaji wa kijiji imekunjwa mpaka inachanika. Hakuniuliza chochote. Alinionyesha tu zile karatasi akasema, "Mimi ni wa hapa hapa."

Anayeishi Dar anaweza kucheka. Sisi wa Kigoma hatucheki. Huku kuandikwa jina au kutoandikwa ni suala la kulala kwako au kulala mahabusu. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga ilipopita Kagera, Geita na Kigoma kusaka wahamiaji haramu, watu walitakiwa kuthibitisha uraia wao mbele ya maofisa, na Kiha kikisikika mdomoni ni ushahidi dhidi yako kwa sababu kinafanana na Kirundi. Kitambulisho cha Taifa huku kinaombwa kwa maswali kuhusu babu mpaka babu wa babu. Kwa hiyo Muha akiona watu wamepanga foleni, kuna gari jeupe na kuna daftari, haoni mchezo. Anaona mlango unaofunguliwa mara moja kwa miaka kadhaa, na akichelewa umefungwa.

Wale kumi na wanne hawajui mpaka leo. Na wangejuaje? Kanuni ya flashimobu ndiyo hiyo: usieleze, usijibu, tawanyika. Utamu wake wote ni sura ya mpita njia anayeshangaa. Wachezaji wa jiokeshingi wanalo hata jina la mtu asiyecheza, wamelichota kwenye riwaya za Harry Potter, lile la binadamu wa kawaida asiyejua uchawi. Msituni, ambako unaficha kikasha ili kisiibwe, jina hilo ni utani usiodhuru. Ukilileta kiwanjani Kibondo umewagawa watu wa mji makundi mawili, wanaojua na wanaosimama juani na vyeti vya ubatizo.

Rafiki yangu ana hoja zake, na si mjinga. Ya kwanza: eti mimi nalalamikia ufupi wakati nchi hii imejaa mikutano mirefu isiyo na maana. Hapo kanipata. Nimekaa juani saa nne nikimsubiri mgeni rasmi, nikaandika aya mbili. Ila mimi silalamikii saa. Gulio la kijijini linajaa asubuhi na kwisha jioni, na hakuna mkusanyiko wenye faida kulizidi. Yeyote akifika pale akiuliza "kuna nini leo?" anajibiwa, hata akiwa mgeni, hata akiwa hana hela. Hata wenye mchezo wenyewe nadhani waliliona hili kwa sehemu: kanuni zao sasa zinataka mkusanyiko udumu angalau dakika 30 na utangazwe mapema. Nusu saa si kitu. Kwa Waha wa zamani hiyo ni salamu tu: "mwakeye", mnapigiana makofi taratibu, unaulizwa habari za watoto, za ng'ombe, za shamba, za uliowaacha njiani. Anayekusalimu hivyo hawezi tena kukuona wewe ni mandhari ya picha yake.

Hoja yake ya pili ni nzito zaidi, na nimelala nayo usiku mmoja. Anasema katika nchi ambayo mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023, watu kusimama pamoja bila kumwomba mtu ruhusa, hata kwa upuuzi, ni uhuru mdogo unaopaswa kutunzwa. Nakubali kwamba uhuru huo ni wa kutunzwa. Ila waliotaka kukutana miaka ile walikuwa na jambo la kuwaambia waliosimama pembeni. Walitaka kuulizwa. Umati unaokwepa kuulizwa unaitetea haki gani? Na tuzungumze ukweli mwingine: sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla ya mkusanyiko. Siku OCD akiamua kuikumbuka, mgeni ataonyesha pasipoti, atapigiwa simu na ofisi yake, atakwenda kula. Kijana wa bodaboda aliyejiunga kwa sababu ilionekana raha ndiye atakayeulizwa kwanza, na swali lenyewe sote tunalijua: wewe raia wa wapi?

Kinachonikera zaidi ni kwamba mchezo huu una kitu kizuri kuliko hiki na wanakiacha. Wana mikusanyiko ya kuokota takataka, wanakutana wanasafisha mahali walipopita, na wameifanya kwa miaka zaidi ya ishirini. Kasulu mitaro ya soko inaziba kila masika. Njooni na GPS zenu, ficheni vikasha vyenu kwa ruhusa ya mwenye eneo kama kanuni zenu zinavyosema, wafundisheni watoto wa sekondari kusoma latitudo, mimi mwenyewe nitaleta reki. Mpita njia akiuliza "mnafanya nini?" mnamjibu: tunasafisha, na hiki ni kidude cha kutafutia vitu, shika ujaribu. Mzee mwenye mfuko wa nailoni akifika, anaambiwa mapema hakuna anayeandikisha chochote, anarudi zake shambani kabla jua halijawa kali.

Ndivyo nilivyomwandikia rafiki yangu jana usiku, kwa kifupi zaidi. Nikaongeza masharti matatu: itangazwe sokoni kwa Kiswahili na Kiha, mwenyekiti wa mtaa ajue, na daftari lisikae juu ya boneti ya gari.

Akajibu, "Sasa hiyo si flashimobu tena."

Nikamwandikia: ndiyo, si flashimobu tena. Unakuja Jumamosi au huji?

Tiki mbili za bluu zimeonekana tangu saa tatu asubuhi. Bado hajajibu.