Mwili Nao Ushuke Lindo

Alfajiri, katika mwambao wa Kizuka na Rumonge, mitumbwi hurejea kutoka Ziwa Tanganyika ikiwa na ndagala waliovuliwa usiku kwa mwanga wa taa. Mvuvi hufika kwake akajilaza, lakini usingizi humkataa: mabega yangali yakivuta wavu. Ndivyo ilivyo kwa askari atokaye zamu ya usiku. Bunduki amekwisha kuikabidhi, ila taya bado limekazwa na masikio husikiliza kila mchakacho. Mtoto akiangusha sufuria, baba hufoka. Kosa si la mtoto. Ni mwili ambao haujaambiwa kwamba lindo limekwisha.

Wahindi walilijua jambo hili tangu zamani. Mazoezi yao ya yoga aghalabu humalizwa kwa kulala chali bila kujitikisa, mlalo uitwao savasana, yaani mkao wa maiti. Huko Marekani, daktari Edmund Jacobson alichapisha mwaka 1929 kitabu kuhusu kuilegeza misuli: kiungo hukazwa, kisha huachiwa, ili mtu aitambue tofauti.

Zoezi lenyewe halina gharama. Mtu atandike mkeka mahali patulivu, alale chali, miguu ikiachana kidogo na viganja vikitazama juu. Mgongo ukiuma, aweke kitenge kilichokunjwa chini ya magoti. Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe polepole zaidi kuliko alivyoivuta. Hivyo mapigo ya moyo hutulia. Aanze na miguu: avikunje vidole kwa nguvu kwa sekunde 5, aviachie, asikie uzito ukishuka mkekani. Zifuate ngumi, tumbo, mabega, na mwisho taya na kipaji cha uso. Kiungo kilichokwisha kuachiwa kisirudiwe kukaguliwa kama gwaride.

Hapo alisikilize ziwa: wimbi laja, wimbi larudi, na pumzi iende vivyo hivyo bila kusukumwa. Likija wazo la deni au la kazi, lisifukuzwe; lipite kama mtumbwi upitao mbali. Dakika 10 zatosha. Kisha atikise vidole, ageukie ubavu, akae kwanza ndipo asimame.

Aliyeshuhudia vita huenda akaogopa kufumba macho. Asilazimishwe, ayaache wazi, na hofu ikizidi aache zoezi. Mjamzito wa miezi ya mwisho alale ubavu. Ambaye usingizi humkimbia kwa majuma mengi, au hushtushwa na ndoto za mapigano, aende kituo cha afya, kwani mkeka haushiki nafasi ya daktari.

Mke na watoto waweza kumwachia baba dakika hizo. Naye asisahau kwamba mama aliyechota maji na kukamua mawese tangu asubuhi yuko lindoni vilevile. Basi mkeka utumike kwa zamu, ili chakula cha jioni kiliwe na watu waliorudi nyumbani kweli.