Makaa Yanatula Kifua, Yanakula na Mikoko

Mama mmoja wa Kisauni alikuja kwangu akiwa hawezi kumaliza maneno matano bila kupumzika. Nilipomuuliza kuhusu sigara, alikaribia kunikasirikia. "Daktari, mimi sijavuta hata moja tangu nizaliwe!" Namsadiki. Lakini tangu usichana wake amekaa mbele ya karai la mahamri kila alfajiri, katika kibanda cha mabati kisicho na dirisha. Kifua chake kilikuwa kama cha mvutaji wa miaka mingi.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa kuni, makaa na mafuta ya taa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano, aghalabu kwa nimonia.

Hilo la kifua twalisema kila siku. La msitu sisi madaktari hatuligusi, tukidhani si letu.

Utasikia watu wakisema kuni hazina dhara kwa hali ya hewa, kwani mti ukikatwa huota mwingine ukanyonya hewa ya ukaa ile ile. Sawa, kama utaachwa uote. Ushukapo daraja la Nyali tazama hori la Tudor. Watafiti waliolipima walikuta kwamba kati ya 1992 na 2009 lilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya mikoko yake. Matope ya mvua za El Nino za 1997 na 1998 yaliua mingi katika mahori yetu, lakini shoka nalo halikulala, maana kuni za mkoko huwaka kwa moto mkali unaodumu. Isitoshe, chini ya mizizi yake kuna matope yaliyofungia kaboni ya karne nyingi. Mkoko ukiondoka, matope huanza kuiachia hewani, na mche uliopandwa jana hauwezi kuirudisha.

Na makaa je? Wengi wetu twayaona safi kwa kuwa hayatoi moshi mwingi. Moshi umebaki Kinango na Ganze, ndugu yangu! Tanuri la udongo hula baina ya kilo tano na kumi za kuni kutoa kilo moja ya makaa. Wewe umeletewa masalio, pamoja na kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huua watu usingizini.

Hata hivyo, simlaumu mama wa mahamri. Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Makaa hayakukosekana, yalipanda bei tu. Sehemu kubwa ya gesi ya kupikia ya Kenya hushushwa kutoka melini hapa hapa Mombasa, upande wa Changamwe, na jirani wa matangi hayo bado ananunua makaa kwa kopo. Kodi ya asilimia 16 iliyowekwa kwenye gesi Julai 2021 ilipunguzwa nusu 2022, kisha ikaondolewa 2023. Afueni, lakini kopo la makaa hununuliwa kwa vijisenti vya leo, ilhali mtungi wataka fedha zote kwa mpigo. Maoni yangu ni kwamba kaunti iwakopeshe wapishi wadogo mtungi wa kwanza na jiko lake, walipe kidogo kidogo kutokana na mauzo yao. Hilo litaokoa mikoko mingi kuliko zile sherehe za kupanda miche ambapo wakubwa hupigwa picha na kuondoka.

Kwa sasa, pikia nje, au toboa dirisha juu ya jiko. Tumia kuni kavu. Usimbebe mtoto mgongoni ukipepea moto, na jiko la makaa lisilale chumbani hata kama ni msimu wa mvua.

Yule mama nilimwandikia dawa ya kuvuta kwa mdomo. Alipoambiwa bei yake, aliuliza kama kwa fedha hizo hangeweza kupata mtungi.