Mtazame mtoto ndipo umuuzie dawa

Na Mama Sikudhani

Nimekasirika, na hasira yenyewe haijaniisha. Nilikuwa kwenye foleni ya duka la dawa huku Temeke, mbele yangu mama kijana kabeba mtoto mgongoni kwa kanga. Akasema mwanawe katokwa na vipele vyekundu. Muuzaji, macho yake kwenye simu, akanyoosha mkono rafuni, akaweka tyubu mezani: "Elfu tatu. Mpake asubuhi na jioni." Basi! Hakuuliza umri, hakuuliza homa, hakuuliza vimeanzia wapi. Hata kanga haikufunuliwa.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua nisivyoweza kunyamaza kwenye foleni. Nikamwambia mama yule, "Mwanangu, hebu tumwone huyo mjukuu." Mtoto wa moto! Kamasi zinamtiririka, anakohoa, macho mekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu wa vipele hujificha. Nilivipata kwa vidole zaidi kuliko kwa macho. Vilianzia nyuma ya masikio na usoni, sasa vimeshuka kifuani. Waliolea watoto zamani wanazijua dalili hizo: surua. Nikauliza chanjo. Ya miezi 9 ilimpita walipokuwa kijijini, na ya miezi 18 hajaifikia.

Surua inaua na inapofusha. Virusi vyake hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na pale dukani palikuwa na watoto wengine. Mtoto yule alihitaji kituo cha afya na vitamini A, akapewa mafuta ya kujipaka!

Ile tyubu niliisoma. Ndani yake mna dawa tatu zilizochanganywa: steroidi, ya fangasi na ya bakteria. Ndiyo hiyo inayouzwa kwa kila kipele mjini hapa. Ukiipaka kwenye fangasi, steroidi hupoza wekundu, wewe unashukuru, na fangasi wanazidi kutanuka. Ukiipaka kwenye upele, ule unaowasha usiku katikati ya vidole, wadudu wake hawafi. Upele unataka dawa yake, na nyumba nzima ipakwe siku moja.

Wateja nasi hatujambo kwa majibu mepesi. Mmoja kwenye foleni alisema ni joto la Dar, mwingine damu chafu. Harara ipo, nani asiyeijua? Kunguni wapo, mzio upo, tetekuwanga ipo. Lakini harara haimpi mtoto homa ya kuunguza namna ile. Na dengue, iliyotuhangaisha Dar mwaka 2014 na tena 2019, nayo huja na homa na vipele.

Jambo moja kila nyumba ilijue. Ukiona madoa na mtu ana homa, bonyeza glasi juu ya madoa hayo. Yasipofifia, damu imevuja chini ya ngozi, na huenda ni homa ya uti wa mgongo. Hapo usiende dukani wala usingoje kukuche, kimbia hospitali. Yakififia, bado homa ile inataka daktari.

Yule mama nilimpakiza bodaboda hadi kituo cha afya. Tyubu ilibaki mezani. Nawe muuzaji, unajijua: kama kumtazama mgonjwa kunakuchosha, funga duka la dawa, ukauze vocha.