Tukimfukuza jirani, mahindi tutamuuzia nani?

Likitajwa Shirikisho la Afrika Mashariki, hapa Dodoma hoja ya kwanza huwa ni ardhi: watakuja Wakenya kuchukua mashamba yetu. Watanzania walipoulizwa maoni miaka ya 2006 na 2007, wengi walikataa shirikisho liharakishwe, na ardhi ilikuwa sababu kubwa. Hofu hiyo siidharau. Mkulima wa Kongwa hana akiba nyingine zaidi ya shamba lake.

Tatizo ni wanasiasa wanaoigeuza hofu hiyo kuwa mtaji wa kura. Hawasemi kwamba Ibara ya 15 ya Itifaki ya Soko la Pamoja, lililoanza mwaka 2010, inaiacha ardhi chini ya sera na sheria za kila nchi. Wala hawasemi kwamba Sheria yetu ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kwao jirani ni mwizi, basi.

Maneno hayo si mapya. Jumuiya ya kwanza iliundwa mwaka 1967. Idi Amin alipopindua serikali ya Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na wakuu wa nchi hawakukutana tena. Kenya nayo tukatupiana nayo lawama za mali na mapato, huku kwetu Wakenya wakiitwa manyang'au. Februari 1977 tulifunga mpaka na Kenya, ukaja kufunguliwa Novemba 1983. Ndani ya miaka hiyo, Oktoba 1978, majeshi ya Amin yaliivamia Kagera. Sidai kwamba Jumuiya ingemzuia. Ila hapakuwa tena na kikao cha majirani watatu cha kumkanya, na gharama za vita tulizibeba wenyewe. Wazee wanakumbuka kuambiwa wafunge mikanda kwa miezi 18.

Leo ugomvi huanzia sokoni. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, kisha ikaruhusu kwa masharti siku chache baadaye. Julai 2025 ikawa zamu yetu: tulitoa amri ya kuwakataza wasio raia biashara 15, mojawapo ikiwa kununua mazao shambani. Kenya zikasikika sauti za kutaka kulipiza.

Binafsi napenda mnunuzi wa nje aje soko la Kibaigwa, kwenye mizani, kuliko kushindilia lumbesa shambani (ingawa lumbesa, tuseme kweli, madalali wetu ndio mabingwa wake). Lakini mpaka ukibanwa, mahindi hayakai ghalani kungoja siasa. Yanapita njia za panya kwa bei anayotaka mwenye lori, na aliyezoea kuvusha magunia usiku hashindwi kuvusha bunduki.

Kwa hiyo akija mgombea kijijini akasema tutoke kwenye Jumuiya, mwulize kwanza magunia yako atayanunua nani, na kwa shilingi ngapi.