Somo la Vimeng'enya Lianzie Jikoni

Mwanafunzi anayefundishwa kimeng'enya kama neno la kukariri kwa ajili ya mtihani amenyimwa haki yake. Neno hilo limebeba uchumi wa viwanda, na historia ya asidi amino nchini Japani yatosha kuwa ushahidi.

Asidi amino ndizo zinazojenga protini. Karibu zote huweza kuwa na maumbo mawili, mfano wa mkono wa kulia na wa kushoto: yafanana, lakini moja halishiki nafasi ya jingine. Mwili wa binadamu hujenga protini zake kwa umbo liitwalo L. Usanisi wa kawaida wa kikemia, kwa bahati mbaya, hutoa L na D nusu kwa nusu.

Kampuni ya Tanabe Seiyaku ilitafuta msaada kwa Aspergillus oryzae, aina ya ukungu ambao Wajapani wameutumia tangu kale kuchachua mchuzi wa soya. Asidi zote zilifungwa kwanza kikemia, kisha kimeng'enya cha ukungu huo kikaifungua L peke yake, ikawa rahisi kuitenga. Hata hivyo, kimeng'enya kilichoyeyushwa majini kilitumika mara moja tu kikapotea.

Mwaka 1969 Ichiro Chibata na wenzake waliondoa hasara hiyo. Walikinasisha kimeng'enya kwenye chembe ngumu ndani ya mtambo. Malighafi ikapita mfululizo, chenyewe kikabaki kazini. D iliyosalia haikutupwa, bali ilipashwa moto, ikageuka tena kuwa mchanganyiko wa L na D, ikarudishwa mwanzo. Gharama za uzalishaji zilipungua kwa kadiri ya asilimia 40. Huo ulikuwa mwanzo wa vimeng'enya vilivyonasishwa kutumika viwandani.

Yafaa izingatiwe kwamba wataalamu hao hawakuudharau ukungu wa jikoni. Vivyo hivyo, kimea cha ulezi kinachotiwa katika togwa kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Mtoto aliyeona uji mzito ukilainika kwa kimea ameona kimeng'enya kikifanya kazi, ila hajaambiwa.

Ni wajibu wa mwalimu kumwambia. Nao wanaopanga mitaala na kugawa fedha za maabara hawana budi kukumbuka kwamba bakuli la uji na kijiko cha kimea havihitaji fedha za kigeni.